Pumzi za Njia ya Kisaki

Pazi aliumia mgongo akiwa kibarua wa reli, siku taruma la chuma la kulazia reli lilipowaponyoka wenzake na uzito wote ukamlemea yeye. Dawa za kwao Bigwa hazikumfaa. Aliyemsaidia ni Kanji, seremala wa Kihindi pale stesheni ya Morogoro, ambaye kila alfajiri alitandika gunia nyuma ya karakana, akajikunja na kujinyoosha huku akivuta pumzi polepole.

"Hiyo ni dua au dawa, fundi?" Pazi alimuuliza.

"Yoga. Alinifundisha babu yangu. Keti."

Pazi alitaka kushika vidole vya miguu siku hiyo hiyo, akapiga ukelele. Kanji akamshika bega. "Unapigana na mgongo wako mwenyewe. Ukifika panapouma, simama. Vuta pumzi. Subiri."

Miezi ikapita. Maumivu hayakwisha, ila alijifunza kukaa nayo. Hata nyumbani, mkewe Chausiku akimsema, hakuinuka tena na kubamiza mlango. Alisubiri pumzi mbili tatu ndipo akajibu. Mara nyingine aligundua kuwa mkewe alikuwa na haki.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoukaribia mji, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Kisaki, na askari wao wakawazoa wanaume wa kubeba mizigo. Pazi alikamatwa pamoja na jirani yake Salehe, mtoto wa pekee wa Bi Pili. Walifungwa kamba shingoni, wakatwishwa masanduku ya risasi, wakapandishwa milima ya Uluguru katika manyunyu na utelezi. Pazi alitembea akihesabu pumzi. Salehe alishikwa na homa ya kuhara, na siku ya nne akaanguka.

"Mwache!" askari alifoka. "Tembea!"

Mgongo wa Pazi ulikuwa umefika panapouma tangu siku ya kwanza, wala hakuthubutu kusimama. Sasa alilitua sanduku, akaketi kwenye tope, akakilaza kichwa cha Salehe mapajani mwake. Kiboko kikamshukia mabegani. Hakuinuka.

"Vuta nami," alimwambia Salehe. "Taratibu. Toa."

Salehe akamfuata. Pazi alimsomea shahada sikioni, neno kwa neno, mpaka akajikuta anavuta pumzi peke yake, mwenzake amekata roho.

Askari wawili walimwinua, wakamtwisha sanduku lake na la Salehe. Ruhusa ya kuzika hawakutoa.

Karibu na Kisaki alitoroka katika vurugu za mapigano. Alifika Bigwa amekonda, mgongo umepinda. Kanji alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Kabla ya kuingia kwake, Pazi alipita kwa Bi Pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

Uongo ulimjia upesi, mtamu na mfupi. Alisubiri mpaka ukapita, kisha akamweleza yote.

"Mlimzika?"

"Hapana, mama. Walinikatalia."

Bi Pili alishika mwimo wa mlango. "Ungekufa wewe," alisema, "yeye angekuzika."

Akaingia ndani, akafunga. Pazi akaketi kibarazani.

Jioni Chausiku alikuja kumchukua mumewe pale kibarazani. Alijaribu kumwinua, mgongo wa Pazi ukakataa. Basi akaketi naye. Ndani Bi Pili alikuwa akilia, na kilio hicho hakikukatika hata ilipoadhiniwa magharibi.