Ufunguo Nyuma ya Kalenda

Swali la kwanza siku hiyo liliuliza hivi: dereva wa genge akipigwa risasi gari likiwa mbioni, nani anashika usukani? Bi Masjala alivaa miwani, akajibu kwa simu akidonoa herufi mojamoja: "Aliyeketi pembeni yake, akipata nne au zaidi kwenye dadu. Asipopata, mmegonga. Msibishane."

La pili lilitoka kwa mwalimu mmoja wa mbali. Alikuwa anauongoza mchezo huo wa dadu kwa mara ya kwanza na wachezaji wake walikuwa wamempanda kichwani, kila mmoja anajifanya mjuaji. Huyo alimjibu kwa kirefu. "Usigombane nao. Mchezaji akisema kuna dirisha, na wewe hukutaja dirisha, ni hiari yako liwepo au lisiwepo. Mimi husema lipo. Halafu namuuliza, umejuaje? Namwacha aeleze. Mtu akieleza sana, anajifunga mwenyewe."

Bi Masjala alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka ishirini na miwili, na jina la Masjala lilimganda hata baada ya kufukuzwa. Jalada moja ndilo lililomponza. Ilikuwa kesi ya wizi wa dawa za bohari, na siku tatu kabla ya hukumu jalada likayeyuka. Kabati lilikutwa limefungwa, kufuli zima, ufunguo mkononi mwake. Mshtakiwa akaenda zake nyumbani. Bi Masjala hakushtakiwa, maana ushahidi haukuwepo, lakini alipewa barua ya mistari minne, akatoka na mkoba wake na kikombe chake cha chai. Kaka yake, wa tumbo moja, alimuuliza swali moja tu: "Walikupa nini?" Hawakusemezana tena mpaka kaka akazikwa.

Kukaa bure kulitaka kumtia wazimu, ndipo akatunga Kazi Chafu. Ni mchezo wa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali na watu. Wengine wanakuwa wahalifu, kila mtu na ujuzi wake: dereva, mvunja kufuli, mlaghai wa maneno. Wanapanga tukio, wanarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua wametoka salama au wamenaswa. Mpiga chapa mmoja alimtolea kijitabu cha kurasa sitini, kikasambaa kuliko alivyotegemea, na maswali yakaanza kumiminika.

Yeye mwenyewe alicheza kila Jumapili alasiri, nyumbani kwake, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Alikuja mpwa wake muuguzi, binti wa yule kaka aliyekufa na kinyongo. Alikuja fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu wa mizaha asiyeweza kukaa kimya dakika moja. Na alikuja Mkalimani.

Huyo Mkalimani alikuwa bado anafasiri mahakamani kule kule. Siku ya kamati ya nidhamu, wenzake wote walipotazama viatu vyao, yeye peke yake alisimama akasema, "Huyu mama hawezi kuiba hata kalamu. Ufunguo ule hautoki mfukoni mwake." Kwa miaka kumi na moja hakukosa Jumapili hata moja, na hakuja mikono mitupu. Mkewe alimpa kapu la mayai au matunda amletee "wifi".

Jumapili hiyo fundi ndiye aliyechokoza. "Leo tuibe faili mahakamani. Benki nimezichoka."

Muuguzi alimkanyaga mguu chini ya meza. Bi Masjala aliona, akacheka. "Niacheni. Kidonda kimekauka. Twendeni huko."

Akawasimulia masjala, lakini kwa makusudi hakuwapa ile yake. Aliwajengea chumba kingine: madirisha ya juu, sakafu ya mbao, kabati la chuma, karani mzee mwenye kikohozi. Mkalimani ndiye aliyekuwa mvunja kufuli. Akaingia, akarusha dadu kuvunja kufuli la kabati. Akapata moja.

"Umekwisha!" fundi alipiga kofi mezani. "Nondo hiyo imekatikia mkononi."

Mkalimani hakupenda kushindwa, hata kwenye mchezo. "Basi sivunji. Natumia ufunguo."

"Ufunguo upi tena?"

"Uko kwenye msumari, nyuma ya kalenda."

Muuguzi alimgeukia msimulizi. "Shangazi, kalenda ipo?"

Bi Masjala alihisi masikio yanaziba, kama mtu aliyepiga mbizi. Kalenda hakuitaja. Hakuwahi kuitaja kwa kiumbe chochote. Kanuni za kazi zilitaka karani atembee na ufunguo, lakini ulikuwa mkubwa, ulimchoma paja, na kila alipotoka kwenda kunywa chai aliutundika pale kwa dakika kumi. Mbele ya kamati aliapa kwamba haukumtoka mwilini. Uongo huo mdogo ulikuwa umemla usiku na mchana. Alijua kuna mtu alimwona, na hakuweza kumtafuta mtu huyo bila kujiumbua.

"Ipo," alisema. "Umejuaje?"

"Nimemwona karani akiuweka. Anatoka saa nne, anarudi baada ya dakika kumi."

"Haya. Umeuchukua. Kisha?"

"Nafungua droo ya chini. Inakwama ile, lazima uinyanyue kidogo ndipo uvute..." Mkono wake uliokuwa unainyanyua droo hewani ukasimama hapo hapo.

"Ee bwana, huyu kazaliwa mwizi!" Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Muuguzi naye alicheka. Mkalimani alikuwa ametoa jasho jembamba juu ya mdomo.

"Malizia," alisema Bi Masjala, kwa upole ule ule wa kumsaidia mchezaji mgeni. "Unatokaje nalo?"

"Ndani ya koti," alijibu.

"Rusha."

Akarusha. Sita.

"Umefaulu," alisema Bi Masjala, akafunga kijitabu. "Leo tuishie hapa. Kichwa kinanigonga."

Fundi alinung'unika, akaondoka na muuguzi. Mkalimani naye alinyanyuka, lakini Bi Masjala alimwonyesha kiti kwa kidevu, naye akakaa.

"Miaka kumi na moja unakula kwangu," alisema.

"Dada, si mchezo tu?"

"Ile droo sikuitaja. Inayokwama hivyo ni ya kabati langu."

Mkalimani alitazama viganja vyake. "Yule mshtakiwa ni mdogo wangu," alisema. "Baba mmoja, mama mbalimbali. Pale kazini hakuna aliyejua. Alikuwa anakwenda kula miaka kumi na mitano. Mama yake alipiga magoti mbele yangu, dada. Nilidhani watakuhamisha tu. Naapa. Onyo, na uhamisho."

"Ukasimama kunitetea."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungenyamaza! Ungeniacha nikuchukie pamoja na wale wengine. Kaka yangu nilimfukuza mlangoni kwa swali lile moja, na wewe nikakuweka mahali pake."

Akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika. Uliyoyasema mezani, yaandike kama yalivyo, utie sahihi."

Mkalimani aliitazama kalamu kana kwamba itamuuma. "Nimebakiza miezi minane nistaafu," alisema. Kisha akavaa koti lake, akatoka. Kapu la mkewe alilisahau juu ya kiti.

Kesho yake Bi Masjala alivaa gauni lake la kazi, ambalo sasa lilimpwaya, akaenda mahakamani. Alikalia benchi la wageni toka asubuhi mpaka saa saba. Afisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpisha kiti, akamsikiliza bila kumkatiza, akaingia ndani, akarudi na mikono mitupu.

"Mama, majalada ya nidhamu yakipita miaka kumi yanateketezwa. Ndio utaratibu. Lako limekwenda na mengine mwaka jana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapa hakuna baya lolote limeandikwa juu yako. Uko safi kabisa, mama." Alitabasamu, kweli akidhani amempa habari njema.

"Nataka iandikwe kwamba sikulichukua mimi."

"Iandikwe wapi, mama? Ndani ya jalada lipi?"

Bi Masjala alimshukuru. Alipokuwa anatoka alipita mlango wa masjala yake. Wameweka kompyuta na viti vya magurudumu, na binti aliyekuwa ndani alimuuliza kama amepotea.

Alhamisi mke wa Mkalimani alikuja kufuata kapu. Hakukubali kuingia. Alisimama kizingitini, kitambaa kimefungwa kwa haraka.

"Wifi, mwenzangu hali wala halali. Mmegombana nini?"

Bi Masjala alimweleza yote bila kupandisha sauti. Alingoja mwanamke yule ashike kichwa, au amwite mwongo. Hakufanya hivyo.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile alipolileta. Nililichoma mimi, jikoni, karatasi moja moja." Machozi yalimlengalenga. "Moyo uliniuma, wifi. Mungu anajua. Ndio maana sikuacha kukuletea kitu kila wiki."

"Mayai," alisema Bi Masjala.

"Na matunda pia..."

Alimkabidhi kapu lake. Mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, akageuka, kisha akarudi nusu hatua. "Anauliza kama Jumapili aje."

Bi Masjala alifunga mlango. Alisimama nyuma yake mpaka hatua zikapotea barabarani.

Jioni hiyo hiyo alimpigia mpwa wake simu, akamweleza. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, unajua baba alikufa akiamini ulihongwa?"

"Najua."

"Wiki ya mwisho pale wodini alikuwa anakutaja. Nilimwambia nikuite. Akasema, siwezi, nitamwangalia vipi? Nikadhani ana haya kwa sababu yako. Sasa sijui kama alikuwa ana haya kwa sababu yake." Akalia. Bi Masjala alishika simu sikioni mpaka kilio kikaisha.

Jumapili walikuja wawili. Fundi alikitazama kiti kitupu. "Mwenzetu yuko wapi?"

"Hachezi tena."

"Hasara hiyo! Yule jamaa alikuwa na kipaji."

Bi Masjala aliwasimulia duka la sonara, mtaa wenye taa, mlinzi anayesinzia. Aliwasimulia vizuri, kama kawaida yake. Zamu ilipomfikia muuguzi, alirusha dadu kwa nguvu mno, ikaruka ukingo wa meza, ikabingiria chini ya kabati la vyombo. Fundi akasema si neno, atairudia, kanuni inaruhusu.

"Hairuhusu," alisema Bi Masjala. "Inahesabika ilivyoangukia." Lakini hakuna aliyeinama kuitazama.