Kiapo cha Bibi Ufunguo

Kanisa lenyewe, ukilitazama, halina makuu. Matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, mnara wa kengele ulioinama kidogo upande wa shamba la padri. Waumini wa kwanza walilijenga kwa mikono yao, wakichimba udongo bondeni, kwenye shimo ambalo mpaka leo linaitwa Shimo la Matofali. Nje, kulia kwa mlango, lilisimama jiwe la vita: majina thelathini na nane, wote vijana wa parokia hiyo waliokufa vitani. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, padri husoma majina hayo moja moja, na kwa kila jina ndugu wa marehemu hutoka, husimama mbele ya jiwe na kumjibia: "Amekwisha kufika, baba."

Bibi Ufunguo hakuwahi kumjibia mtu. Miaka nenda miaka rudi alifungua kanisa alfajiri, akafagia, akapiga pasi vitambaa vya altare, na siku ya majina akapiga kengele tu, kwa sababu kaka yake hakuwemo. Kaka yake wa pekee, wa tumbo moja. Jeshi lilimwandika mtoro, na mtoro hapewi mstari kwenye jiwe. Mama yao aliwaendea maparoko watatu, mmoja baada ya mwingine, akalia mpaka sauti ikamkauka, na wote wakamrudisha mikono mitupu. Alikufa akilisubiri jina hilo. Wenye midomo yao walisema kijana yuko hai ng'ambo ya mpaka, ana wake wawili na ng'ombe. Jamani, binadamu!

Basi mwaka huo kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia. Jiwe la zamani lilikuwa limepasuka, likaletwa jipya, na paroko, kijana mwenye miwani na haraka nyingi, akaanza kuandika kitabu cha historia ya parokia. Jumapili akatangaza: familia yenye mtu aliyeachwa nje ya jiwe ilete shahidi, aweke mkono juu ya altare na kula kiapo kwamba mtu wao alikufa akipigana. Mwisho ni Ijumaa, maana Jumamosi fundi anamaliza kuchonga.

Tangu Jumapili hiyo Bibi Ufunguo hakupata usingizi. Yeye peke yake duniani ndiye aliyejua kaka yake alikufaje.

Alikuwa na miaka tisa. Kaka alirudi kutoka vitani amebaki mifupa, akapanda kujificha mnarani, na aliyemkuta huko ni yeye, aliyetumwa kufagia. Siku tatu alimpelekea viazi ndani ya ndoo ya kudekia. "Usimwambie hata mama," kaka alimwonya. "Atalia, watu watasikia." Naye hakumwambia. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Asubuhi watoto wa mafundisho, naye akiwemo, waliungama kwa mara ya kwanza, ili kesho yake wapokee komunyo ya kwanza, na padri wa wakati ule alikuwa amewakalisha wiki sita akiwaambia kwamba uongo mmoja tu baada ya kuungama unaichafua roho, na anayepokea na roho chafu anakula moto. Mchana wanajeshi wakaja kusaka watoro. Ofisa wao akachuchumaa mbele ya mtoto mwenye ufagio, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kuna mtu amejificha humu?"

Akasema ndiyo.

Hakupigwa. Hakutishwa. Hata pipi hakupewa! Alisema ndiyo kwa sababu alikuwa ameungama asubuhi, basi. Wakamteremsha kaka yake, wakampakia kwenye gari, wakashuka naye Shimo la Matofali. Ukasikika mlio mmoja, na wiki ile milio ilikuwa mingi, nani angeuliza huo ni wa nani? Kesho yake akavishwa gauni jeupe, akapokea. Mama akamkumbatia, akamwambia leo nyumba yetu imebarikiwa.

Hilo hakuliungama kamwe. Aungame nini? Alisema kweli.

Ijumaa akaingia kanisani. Paroko alikuwa ameketi na daftari lake, na pembeni yake katekista mzee, mwenyekiti wa kamati, ambaye watu walimwita Msumeno kwa jinsi alivyokata maneno ya wenzake. Kaka yake Msumeno yuko kwenye jiwe, mstari wa tatu, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, bibi, keti," paroko akasema.

"Nikikaa, baba, mtaniinua nyinyi. Niulizeni nikiwa wima."

Paroko akacheka. Msumeno hakucheka. "Dada, tumekua pamoja, tusizungushane. Weka mkono hapo. Ndugu yako alikufa akipigana, au alitoroka?"

Wiki nzima alikuwa akijifunza jibu jikoni, akiyaambia masufuria, na kila mara ulimi ulikuwa mzito. Aliogopa utamsaliti tena mbele ya watu. Akaweka mkono juu ya kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe.

"Alikufa akipigana."

"Nani aliwaletea habari?"

"Mwenzake wa kikosi. Alipita nyumbani, akamweleza mama mbele yangu."

Msumeno, mzee yule mkavu, akatoa leso akajifuta macho. "Basi tulimkosea mama yako," akasema. "Tulimkosea sana."

"Niandike alikufa kishujaa?" paroko akauliza, kalamu tayari iko kwenye karatasi.

"Andika, baba."

Ikawa imekwisha, hata paroko hakuwa amefika mwisho wa ukurasa. Bibi Ufunguo akapewa karatasi ya kumpelekea fundi, akatoka nje taratibu, akingoja chochote kile kimpate. Hakikumpata kitu. Jua lilikuwa vilevile, kuku wa padri walikuwa wakiparuaparua vilevile. Fundi akamsalimu shikamoo, akapokea karatasi yenye jina, akashika tindo na nyundo, akaanza kulichonga chini kabisa ya jiwe jipya.

Herufi ya tatu ilipoingia, bibi akaanza kulia. Hakulia kama wanavyolia wazee, kimya na kwa adabu. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka fundi akaacha nyundo.

"Bibi, vipi tena? Si ndicho ulichokitaka? Ndugu yako anaingia huyu!"

"Miaka tisa," bibi akasema. "Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kuongea."

Fundi akaweka tindo chini.

"Ningesema hapana, hakuna mtu. Yule ofisa angeinuka, akapanda gari lake, akaenda." Akajifuta pua kwa mkono mtupu. "Nimedanganya leo mkono uko altareni, mjukuu wangu, na haikuwa kazi ngumu. Haikuwa kazi hata kidogo."