Mikono Aliyoiacha Bara

“Alioshwa?” Mwalimu Mahmud aliuliza polepole, macho chini.

Bi Kulthum alitazama mikono yake. Mtaani kwao Mkomani, mwanamke akifariki, yeye ndiye huitwa kumwosha. Na sasa aulizwa habari ya binti yake mwenyewe, asijue. Umulkheir aliolewa na dereva wa lori, akaishi kambi ya shamba la mahindi karibu na Kitale. Huko ndiko alikofia. Mumewe aliporudi safari alikuta kaburi.

Mama alitaka Ijumaa mwanawe aswaliwe ghaibu, swala ya maiti aliye mbali, kwa jina lake, msikiti mzima, kama waswaliwavyo masharifu wanaofia nchi za watu. Mwalimu akamwambia swala haichagui sharifu wala mchota maji. Ila maiti haswaliwi kabla hajaoshwa, na kambini kule nani angejua? Amletee neno la mtu aliyeona.

Aliyeona, majirani walimwambia, alikuwa Nerea, mke wa askari Phineas, aliyehamia kisiwani Amu mwezi ule kutoka karibu na kambi hiyo ya bara. Bi Kulthum alijifunga buibui akaenda hadi nyumba za polisi, asikowahi kukanyaga.

Nerea alisukuma kando sinia la maharagwe, akamtandikia mkeka. Alisema yeye si wa dini hiyo. Kazi yake ilikuwa kubeba maji na kuyaweka mlangoni. Waliomwosha Umulkheir ni wanawake Waislamu wenzake wa kambini, waliokuwa hawajui kuosha maiti mpaka alipofika akawafundisha.

“Alikuwa mkali, Mama. Akiwaambia, ‘Siku yangu msinimwagie mai kama mwaosha samaki.’”

Bi Kulthum alicheka, machozi yakimtoka.

“Basi yule mwenye kata, kabla hajammwagia, aliyajaribu joto hapa.” Nerea akageuza mkono, akagusa kifundo kwa ndani. “Nikamuuliza sababu. Akasema ndivyo Umulkheir alivyowafunza: maiti ni kama mtoto mchanga.”

Bi Kulthum akashika kifundo chake. Neno hilo halikutoka chuoni. Lilikuwa lake, alilomwambia msichana wake miaka yote binti alipomfuata nyuma na birika kwenda kuosha.

Mwalimu alimsikiliza Bi Kulthum hadi mwisho. “Yatosha,” akasema.

Ijumaa, wanawake walijipanga nyumba ya pili na msikiti, dirisha wazi, Nerea akikaa kando na leso kichwani. Sauti ya Mwalimu ikaingia: “Swala ya ghaibu. Umulkheir binti Mohdhar, mwosha maiti, mwana wa Bi Kulthum wetu.” Mtu akamgusa Bi Kulthum bega, hakugeuka. Alisimama wima kuliko alivyosimama siku ya harusi ya mwanawe, na takbiri ya kwanza ikamkuta mikono tayari.

Kabla ya alasiri aliitwa mtaa wa Langoni, mama wa msichana mmoja, Hadia, amefariki. Bi Kulthum akateka maji kwa kata, akayadondosha kifundoni, akangoja.

“Bado kidogo,” alisema.

Hadia, macho mekundu, akaweka birika chini, akageuza mkono wake naye ajaribu.