Kondo Hayumo Pichani

"Shikamoo, mzee Kondo," Editha aliamkia. Yule mzee hakuitika. Aliendelea kukaza kamba ya mtumbwi kwenye kigingi, akatema mate majini.

"Umerudi tena na hilo dude lako?"

Ilikuwa mara ya tatu kwa Editha kutoka Mikumi, alikokuwa na studio ya picha za pasipoti na harusi, hadi kivuko hiki cha Ruhembe. Alitaka picha moja tu: mitumbwi imelala usiku, na taa za kambi ya wakata miwa ng'ambo zikimulika juu ya maji. Safari mbili za kwanza picha zilimharibikia. Gizani kamera huachwa wazi kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, na muda wote huo mitumbwi iliyumba. Ilitoka kama moshi.

Safari hii alijiandaa. Alishusha stendi hadi karibu na ardhi, akaitundikia mfuko wa mchanga isitikisike. Aliitega kamera ijipige yenyewe sekunde chache baada ya kubonyezwa, maana hata kidole huitingisha. Na badala ya mitumbwi inayoelea, alilenga miwili iliyovutwa nusu nchi kavu, chini ya mbalamwezi.

"Ondoka," Kondo alisema. "Mwaka juzi alikuja kijana na kamera kama hiyo. Akapiga mtumbwi wangu umejaa watu, akarusha mtandaoni. Haikupita wiki, wakaja watu wa serikali na gari, wakasema nazidisha abiria, wakaupasua kwa shoka wajukuu zangu wanatazama."

"Siyo mimi, mzee."

"Nyote wamoja."

"Mimi sipigi watu. Nataka mitumbwi na maji tu."

"Na mitumbwi ni ya nani? Imeota hapo kama matete?"

Editha naye hasira zilimpanda. Alimwambia mto si wa baba yake, akabonyeza kamera, akarudi nyuma. Kondo akawasha tochi. Akaizunguka mitumbwi huku na huko, akimulika kwa makusudi, akimtukania Editha hadi wazazi wake waliokufa. Editha aliuma meno, machozi yakimlengalenga. Picha imekwisha, aliwaza.

Kamera ilipojifunga, aliinamia kioo chake. Mitumbwi ilikuwa imetulia, hata nyufa zake zilionekana. Taa za ng'ambo zilisimama majini kama nguzo. Kati ya mitumbwi ulipita uzi mweupe uliojikunjakunja, ile tochi. Kondo mwenyewe hakuwepo.

"Lete nione!" Kondo alimsukuma kwa bega. Alikikodolea kioo macho. "Mimi niko wapi?"

"Hupo. Ikiachwa wazi hivi haimshiki anayetembea. Inamshika aliyetulia." Kisha akaongeza kwa kejeli, "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mtumbwi wangu upo. Tochi yangu ipo. Mimi nimefutwa? Wale wa shoka nao walinipita hivyohivyo. Nilisimama palepale nikiwasihi, wakanizunguka kama gogo."

Kondo akazima tochi, akachukua upondo wake wa kusukumia mtumbwi, akaenda kusimama kando ya mtumbwi.

"Piga."

"Basi usitikisike. Hata kichwa."

"Nimesema piga!"

Alisimama akimkazia macho, wala hakuwa na sura ya mtu anayepigwa picha. Alikuwa kama anayemsubiri adui avuke. Editha alibana pumzi hadi kamera ilipojifunga. Kondo alitoka mzima, isipokuwa ncha ya kanzu iliyopeperushwa na upepo. Macho yalikuwa makali vilevile.

"Nitakuletea yako," Editha alisema.

"Iache kwa Salome, muuza chai barabarani. Huku usishuke tena."

Wiki iliyofuata Editha alimkabidhi Salome picha ikiwa kwenye fremu. Alipopanda bodaboda alimwona Kondo kule chini kivukoni, ameshika upondo, akimtazama. Kondo hakupunga mkono. Editha naye hakupunga.