Pedeli Iliyozama

Mtaani walimwita Naweza, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichoharibika ambacho hakukisemea neno hilo. Kazi yake ilikuwa kuuza viatu, ila mikono ilimwasha. Pasi, bomba, redio, vyote alivifungua, na vingine vilipona.

Basi breki za gari zilipoanza kulia, mkewe, aliyekuwa nesi, alisema, "Lipeleke kwa fundi."

"Fundi wa nini na mimi nipo? Pedi tu hizo."

Jumamosi asubuhi akaliegesha uani, pua ikitazama barabara chini ya mteremko, akaweka mawe mbele ya tairi za nyuma. Akapiga jeki, akavua tairi ya mbele. Pedi za zamani zilikuwa zimelika, zimebaki nyembamba kama ukucha. Ili zile mpya, nene, zipate nafasi, ilimbidi aikandamize pistoni, kile chuma kinachozisukuma pedi, irudi ndani. Akafanya upande huu, akafanya na ule, akarudisha tairi, akakaza nati, akaondoa mawe. Lilibaki jambo dogo tu: kuikanyaga breki mara kadhaa, ili pistoni zitoke tena zizibane pedi.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea mlangoni, amevaa tayari kwenda kliniki. Naweza akakimbilia kunawa. Mkwe hasalimiwi kwa mikono ya grisi.

"Tayari?" mkewe akauliza.

"Tayari, nendeni!" akajibu, povu likimchuruzika viwikoni.

Akasikia gari likiwaka, kisha ukelele, kisha kishindo.

Alipofika mbio, gari lilikuwa limeukumbatia ukuta wa ua wao. Mama mkwe alikuwa ameshika kifua, akimtaja Mungu. Mkewe alikuwa angali amekamata usukani. "Nimekanyaga breki, ikazama," alisema. "Watu walikuwa wanapita pale barabarani, nikakata kona kwenye ukuta."

Naweza alijua papo hapo. Ile breki hakuikanyaga. Alipomsaidia mkewe kutoka, aliketi yeye kwenye usukani, akakanyaga. Pedeli ikazama. Akakanyaga tena, na tena, ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Hakukusudia kuficha, alitaka tu kuhakikisha. Lakini shemeji yake, kaka wa mkewe, alipokuja kuijaribu mbele ya majirani, breki ilishika barabara.

"Mbona nzima?" shemeji akacheka. "Dada, umekanyaga mafuta wewe!"

Majirani wakaangua kicheko. Fundi cherehani wa jirani akasema wanawake na usukani ni maji na mafuta. Mkewe akamgeukia Naweza, akamtazama kama mtu anayengoja shahidi wake asimame.

"Inawezekana," Naweza akasema. "Ulikuwa na haraka."

Neno likishatoka halirudi. Aliliona likimwingia mkewe, naye akainamisha kichwa.

Jumatatu mkewe aliuacha ufunguo mezani, akatoka na sare yake kwenda kituo cha basi kwa miguu. "Siendeshi tena," alisema. "Ningemuua mama." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Naweza alishindwa kumeza chai. Dukani alimvalisha mteja viatu vya mguu mmoja, vyote vya kushoto, asijue.

Jioni, mama mkwe na shemeji wakiwa wameketi sebuleni, alisimama mbele yao mikono nyuma.

"Hakukanyaga mafuta," alisema. "Ni mimi. Nilipaswa kuikanyaga breki kwanza baada ya kubadilisha pedi. Nikasahau. Nikajua tangu siku ile, nikanyamaza."

Shemeji akajikuna kisogo. Mama mkwe aliangalia pembeni, akauvuta mtandio wake; heri angemtukana. Mkewe akasema:

"Ungeniambia palepale, ningekucheka tu. Kusahau kila mtu husahau. Lakini mguu wangu ulizama, nikaujua umezama, nawe ukanifanya nisiuamini mguu wangu mwenyewe."

"Nisamehe, mke wangu."

"Kuniomba msamaha humu ndani ni rahisi. Walionicheka wako huko nje."

Shemeji akainuka, labda kumpunguzia mzigo. "Hata mimi nilicheka, dada. Twende wote, shemeji."

"Wewe kaa," mama mkwe akasema, ikiwa mara ya kwanza kufungua kinywa jioni ile. "Yako utayasema mwenyewe. Yeye aende peke yake."

Naweza akavaa kandambili, akatoka. Masikio yalimwaka kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Fundi cherehani alikuwa barazani anapiga pasi suruali, akamkaribisha kwa furaha.

"Vipi, dereva wako hajambo?" akauliza, tayari kucheka.

"Hajambo," Naweza akasema, akasogea karibu na mwanga ili aonekane uso. "Zima hiyo pasi kidogo, jirani. Nina neno, na ukimaliza kulisikia, naomba unipeleke mwenyewe nyumba ya pili, nikaliseme na huko."