Sauti ya Puani

Darasa la pili lilikuwa na watoto sabini na vitabu sita, na asubuhi hiyo walikuwa wanajifunza sauti ng'. Mwalimu aliandika neno ubaoni, akawaambia watoto washike pua.

"Ukitamka sawasawa, pua inatetemeka. Isipotetemeka, umesema nga ya ngazi."

Wengi walisema "ngombe," na hakikutokea kitu. Ndipo msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu aanze shule alikuwa anaitikia tu pamoja na wenzake, akafinya macho, akasoma: "Ng'ombe."

Ng'ombe akaingia. Alikuwa mwekundu, kiwele kimejaa, akasimama kando ya ubao. Watoto wa mbele wakasogeza madaftari. Mkia ulifuta nusu ya neno, mwalimu akaliandika upya.

Mwalimu mkuu alisikia mlio, akaja.

"Nani kasoma?"

Akaonyeshwa.

"Hongera, binti yangu. Huyu sasa ni mali ya shule."

Shule haikuwa na zizi, kwa hiyo akampeleka nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo msichana alihamishiwa mbele, akawa anasoma neno hilo kila asubuhi, na kila asubuhi ng'ombe mmoja akaondoka na kamba shingoni. Mwalimu aliletewa kikombe cha maziwa wakati wa mapumziko. Alikunywa.

"Mwalimu, ukurasa unaofuata una nini?" msichana aliuliza.

"Una ny."

"Nisome?"

"Mwalimu mkuu kasema tusiende mbio."

Msichana akarudisha macho kwenye ukurasa uleule. Siku hiyo mwalimu hakuyagusa maziwa. Watoto walipotoka kucheza, alifunga mlango, akamfundisha jinsi ya kubandika ulimi juu, kwenye kaakaa, na kuuachia taratibu. Kitabu kilikuwa na nyanya, nyumba na nyuki. Mwalimu aliweka kidole kwenye nyuki.

"Kesho mwalimu mkuu akija na kamba yake, soma hili. Usiogope."

Kesho yake msichana alilisoma vizuri sana. Nyuki waliingia kwa madirisha yote, wakamvaa mwalimu mkuu kuanzia shingoni mpaka magotini, kama koti la pili. Mwalimu alisubiri. Mwalimu mkuu alisimama wima, akiwatazama wanavyotambaa mikononi mwake.

"Mwalimu," alisema polepole, asije akammeza mmoja, "mbona hukuniambia kuna ny?"

Hakuumwa hata na mmoja. Kufikia mchana mizinga ilikuwa imetundikwa nyuma ya nyumba yake, na kikombe cha mwalimu kikaanza kuja na kijiko cha asali pembeni.

Mwaka ulipokwisha, watoto wote walipanda darasa la tatu, hata wale waliokuwa bado wanasema ngombe. Msichana alibakizwa, kwa manufaa ya shule. Siku ya kufungua, mama yake alimleta akiwa na sare iliyoshushwa pindo.

"Mwalimu, mwaka huu mwanangu atasoma nini?"

"Ng'ombe na nyuki, mama."

"Na nyumbani je, asome hata mara moja? Wadogo zake hawajaonja maziwa."

"Mwalimu mkuu amekataza."

Mama alimnyoosha binti kola, akamwambia akae pale anapoona ubao vizuri.