Pete ya Shaba Kiotani

Aimée alimlisha kinda wa korongo akiwa amejifunika kitambaa cheusi kutoka kichwani hadi kiunoni, na majirani wakapata la kucheka.

"Aimée, weye uko mu kilio ya nani?" Mama Rosalie alimuuliza juu ya ukuta. "Tuambie basi, tulete unga."

"Niko nalisha mutoto, mama."

"Ile mutoto anakula samaki kupita bwana yangu. Na bwana yangu, minye sijifunike sura nikimulisha. Angalau yeye angenipa sababu."

Aimée alicheka chini ya kitambaa, lakini hakukivua. Kinda wa korongo akizoea uso wa mtu hujiona mtu. Akiota mbawa atatua uani kuombaomba, badala ya kwenda mtoni kuwinda vyura, na uani kwa watu korongo ni kitoweo.

Alimwokota chini ya mti uliokatwa na wachoma mkaa. Kiota kilianguka na mti, ndugu zake wawili wakafa, yeye akabaki akifungua mdomo kwa mbingu tupu. Aimée, aliyekuwa akikitazama kiota kile tangu kiangazi kianze, alimtia ndani ya beseni, akapanda taksi-basi hadi nyumbani Likasi. Njia nzima abiria walisogeleana ili wasiguswe na beseni.

Sasa kinda alikuwa ameanza kuinua shingo, na siku za kungoja zilikuwa zimekwisha. Kando ya mto Lufira, karibu na barabara ya Koni, kulikuwa na kiota kingine chenye makinda wawili wa umri uleule. Watu wanaowajua ndege walimwambia kwamba korongo hahesabu watoto wake: anayefungua mdomo kiotani hulishwa. Akipokelewa kule, ataishi kama korongo. Akikataliwa, hapakuwa na kiota kingine.

Kaka yake, Déogratias, ndiye angempandisha. Déo ni fundi umeme. Kupanda nguzo kwake ni kama kupanda kitanda.

"Tutamujua namna gani kati ya wengine?" Aimée aliuliza.

Déo alikata kipande cha waya wa shaba, akakikunja kikawa pete, akakisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikawaka kama kaa la moto. Aliiacha pete ilegee, mguu upate nafasi ya kukua. Mama yao, Henriette, hakuwahi kumtoa mtoto nje mara ya kwanza bila shaba mwilini. Wote wawili walivalishwa wakiwa wachanga, na Déo, mtu mzima mwenye ndevu, bado alikuwa na bangili yake mkononi.

"Mutoto wa hapa kwetu hawezi kwenda kwa batu uchi," alisema. "Baone kwamba iko na kwabo."

Aimée aliipenda pete ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeushika mguu ilipovalishwa.

Asubuhi waliyokwenda, moshi wa nyasi zilizochomwa ulikuwa umetanda, jua likionekana kama sahani ya bati. Korongo wazazi walipokwenda kuwinda, Déo alifunga mkanda, akapanda na kinda akiwa kwenye mfuko kifuani, akamlaza kati ya wenzake, akashuka. Kisha ndugu hao wawili wakajificha kwenye matete, Aimée na darubini yake machoni.

Mama korongo alirudi, shingo nyeupe kama pamba. Akainama. Akatapika vyura juu ya kiota, na midomo mitatu ikawagombania.

"Anakula," Aimée alimnong'oneza kaka yake. "Yaya, anakula."

"Nilikuambia. Batamukataa namna gani, amevaa kupita bo wote?"

Wakati huo upepo ulivuma kutoka mtoni, moshi ukapasuka, na jua likashuka kiotani kwa nguvu zake zote. Pete ikawaka. Aimée aliiona bila kuhitaji darubini.

Mama korongo aliiona pia. Aligeuza kichwa, akaitazama kwa jicho moja, halafu kwa lile lingine. Akaidaka kwa mdomo. Akavuta. Kinda akaburutwa juu ya vijiti akipiga mbawa zake zisizo na manyoya, hadi ukingoni, na mama akamrusha nje kama mtu anavyotupa ganda la ndizi.

Kinda hakufika chini. Pete ilinasa kwenye kisiki cha tawi, naye akaning'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, akilia. Juu yake, mama alikuwa akiwapanga wanawe wawili kwa utulivu, kama hakuna lililotokea.

"Ile ndege ni mubaya," Déo alisema. "Ni mulozi."

Aimée alibaki akitazama kile kiota. Mama aliokota mfupa wa samaki, akautupa nje. Akaokota kipande cha karatasi ya nailoni, akakitupa vilevile, upande uleule. Hapo Aimée akaelewa. Korongo hakuwa akimfukuza mgeni. Alikuwa akifagia nyumba yake. Alichoona yeye ni takataka inayong'aa. Kwamba takataka ile ilikuwa na mtoto, hakujua.

"Ni siye," alisema. "Ni siye njo tulimutupa. Panda. Kata ile pete. Na bangili yako, vua."

"Yangu juu ya nini?"

"Vua, yaya. Nayo inawaka."

Déo aliivua kwa shida, kwa mate na kwa meno, akamwachia mkononi. Alipanda huku korongo akigonganisha mdomo kwa kelele za kutisha, kisha ndege akaruka, akazunguka juu yao. Koleo likalia mara moja. Pete ikaanguka majanini. Mguu ulikuwa mzima. Ngozi tu ilikuwa imekwaruzika kidogo. Kinda akarudishwa kiotani na Déo akashuka.

Mama korongo akatua. Aimée alifumba macho. Alingoja kusikia kitu kikianguka.

"Angalia," Déo alisema.

Korongo alikuwa amesimama na mgongo wake juani, mbawa zimetandazwa, na chini ya kivuli chake kulikuwa na vichwa vitatu. Kinda mmoja alimgonga mdomo, akalishwa.

"Ule ni wetu?" Déo aliuliza.

Aimée alizungusha darubini, akatafuta mkwaruzo, akatafuta namna ya kuinua shingo, akatafuta chochote. Yeye aliyemlisha kwa mkono wake.

"Sijui," alisema.

Alimrudishia kaka yake bangili. Déo aliitazama, akaitia mfukoni.